Ua la Dhuha: Upandaji na Utunzaji wa Potulaka Nyumbani



Katika nyumba zetu nyingi mna mahali pamoja ambapo hapaoti kitu. Pengine ni ukingo wa baraza unaopigwa na jua tangu asubuhi hata alasiri. Pengine ni ukuta mfupi wa uani. Na kwa wakaao ghorofani, pengine ni kile kibaraza cha saruji ambacho mchana huwaka moto hata mtoto hawezi kukikanyaga bila ya viatu. Mama wa nyumba amejaribu hapo mrehani, ukanyauka. Amejaribu waridi, likakauka. Mwisho amekata tamaa, akapafanya mahali pa kuanikia nguo. Makala haya yamekusudiwa mahali hapo hasa.

Uko mmea mmoja mdogo usiochoka na jua, wala hauhitaji ardhi kubwa, wala hautaki maji mengi. Jina lake la kitaalamu ni Portulaca grandiflora, nasi tutauita potulaka ili ulimi usipate taabu. Hauinuki juu, kimo chake chapata sentimita 15 au 20 tu. Matawi yake ni manene kidogo, mekundu-mekundu, yenye maji ndani. Nayo hutambaa chini, na yakifika ukingoni mwa chungu huning'inia kama pindo la shela. Majani yake ni membamba na ya mviringo kama sindano nene. Maua yake ni mekundu, ya waridi, ya manjano, ya rangi ya chungwa, ya zambarau na meupe. Mengine yana petali tano tu, na mengine yamejaa petali nyingi mfano wa waridi dogo.

Ajabu yake kubwa ni kwamba ua hili lina saa. Usiku hufumba. Alfajiri ukilitazama utaona kitumba tu. Jua likishapanda na hewa ikapata joto, hufunuka, na kufika alasiri mengi huwa yamekwisha kufumba. Kwa ajili hiyo watu wa Brazil wameliita kwa lugha yao ua la saa tano, na watu wa Vietnam wameliita ua la saa nne. Sisi tunaoujua wakati wa dhuha twaweza kuliita ua la dhuha, na jina hilo halitakuwa mbali na ukweli.

Kosa la huruma

Kabla ya kueleza namna ya kulipanda, nataka kusimulia habari moja iliyotokea nyumbani kwetu, maana ndani yake mna somo lote la makala haya.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa kijana wa shule, nilimletea mama yangu kitawi cha mmea huu nilichopewa na jirani. Nyumba yetu ilikuwa Tanga, na uani palikuwa na pipa la maji na jiwe tulilokalia tukitia udhu. Mama akakipanda katika chungu, na chungu akakiweka kando ya jiwe lile. Alifurahi kwa mambo mawili: kwanza, mmea hautasahauliwa, pili, maji ya udhu hayatapotea bure. Basi mmea ukawa unanyweshwa mara tano kila siku, na sisi nyumbani tulikuwa watu saba.

Mwanzoni ulishika vizuri, ukachanua maua manne. Kisha majani yakaanza kuwa manjano na kama ya kioo, na matawi yakalegea. Mama alipouona umelegea alidhani una kiu, akaongeza kata moja asubuhi na kata moja usiku. Siku ya tatu shina likakatika lenyewe usawa wa udongo, jeusi, lenye harufu ya uozo. Mama alisikitika sana. Akaniambia, "Mwanangu, mkono wangu hauoteshi kitu." Tangu siku ile hakupanda ua tena kwa miaka mingi, nami sikuwa na elimu ya kumwambia kuwa mkono wake haukuwa na kosa lolote.

Naamini wako mama wengi, na vijana pia, waliojihukumu hivyo. Kwa hiyo na tuutazame mmea huu ulitoka wapi, ndipo tutajua unataka nini.

Asili yake

Potulaka si mmea wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Argentina, Uruguay na kusini ya Brazil. Daktari mmoja Mskoti aliyeitwa John Gillies, aliyekuwa akikaa katika mji wa Mendoza, Argentina, aliukuta ukiota wenyewe katika mchanga mwepesi, kati ya ukingo wa nyika kubwa za nchi ile na chini ya milima ya Andes. Mwaka 1829 mtaalamu wa mimea William Jackson Hooker akauandika na kuupa jina ambalo ungali nalo mpaka leo. Tangu hapo umesambaa katika bustani za dunia nzima.

Fikiri, basi, msomaji, juu ya mahali pale ulipozaliwa: mchanga usioshika maji, mvua chache, jua kali, na wala hapana kivuli cha mti mkubwa. Mmea huu umeumbwa kwa maisha hayo. Umepewa majani na matawi ya kuweka akiba ya maji. Kadhalika umepewa uwezo ambao mimea mingi haina. Mimea iliyo mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa inayoitumia kujitengenezea chakula, na kwa vitundu hivyo hivyo maji yao hutoka na kupotea. Wataalamu wamegundua kuwa potulaka, ukame unapoubana, waweza kuvuta sehemu ya hewa hiyo usiku, wakati wa baridi, na kuiweka mpaka kukicha. Hivyo hupoteza maji kidogo. Mmea wa namna hii ukimwagiwa maji mara tano kwa siku hauneemeki bali huzama.

Mahali na udongo

Sharti la kwanza ni jua. Potulaka yataka saa 6 za jua kamili kila siku, na zikizidi ni bora. Ukiiweka chini ya mwembe au ndani ya ukumbi haitakufa mara moja, lakini matawi yatarefuka na kuwa dhaifu, na vitumba havitafunuka. Watu wengi hulalamika kuwa ua lao halifunguki, kumbe wameliweka mahali ambapo jua halifiki.

Sharti la pili ni udongo usiotuamisha maji. Changanya mafungu mawili ya mchanga na fungu moja la udongo wa kawaida, kisha utie samadi kidogo iliyooza sana, kiasi cha konzi moja kwa chungu cha wastani. Afadhali mchanga wa mtoni. Ukitumia wa pwani, uoshe kwanza kwa maji ya kisima au uuache unyeshewe na mvua, kwa sababu ya chumvi. Udongo wa mfinyanzi ulioshikamana haufai kabisa.

Chombo si lazima kiwe cha fahari. Kopo la maziwa, debe lililokatwa nusu, sufuria iliyotoboka, chungu kilichopasuka mdomo, vyote vyafaa. La lazima ni matundu chini: toboa matano au sita, na juu yake weka vigae au changarawe ili udongo usiyazibe. Chombo kipana kisicho na kina kirefu ni bora kuliko kirefu chembamba, kwa sababu mizizi ya mmea huu haiendi mbali. Ukikitundika au ukikiweka juu ya ukuta, matawi yatashuka pande zote, na hapo ndipo uzuri wake hudhihirika.

Kupanda kwa mbegu

Mbegu za potulaka ni ndogo mno, mfano wa chembe za baruti, na maelfu yake hayajazi kijiko cha chai. Ukizimwaga kwa mkono zitaanguka mahali pamoja. Kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu mwembamba, kisha unyunyize kama unavyonyunyiza chumvi juu ya chakula. Usizifukie, kwa maana zataka mwanga ili zichipue. Zibonyeze kidogo kwa kiganja zigusane na udongo, basi.

Usimwagie maji kutoka juu, yatazisomba zote. Weka chombo chako ndani ya beseni lenye maji kidogo. Maji yatapanda kutoka chini kwa kupitia matundu. Uso wa udongo ukishalowa, kitoe. Katika joto la Pwani mbegu huchipua baada ya siku 7 mpaka 14. Miche ikishafika kimo cha kidole, punguza iliyosongamana, uache nafasi ya sentimita 15 au 20 kati ya mmoja na mwingine. Ile uliyoing'oa usiitupe. Ipande mahali pengine au umpe jirani. Baada ya miezi miwili hivi tarajia maua ya kwanza.

Kupanda kwa vipande vya tawi

Hii ndiyo njia nyepesi, na ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu apendaye rangi fulani. Mbegu zinazokusanywa nyumbani mara nyingi hutoa rangi mchanganyiko, na maua yaliyojaa petali huweza kuzaa mengine yenye petali tano tu. Lakini kipande cha tawi humfuata mama yake bila ya kubadilika.

Kata tawi lenye afya, urefu wa sentimita 8 au 10. Ondoa majani ya chini na vitumba vyote. Usilipande papo hapo. Liache kivulini nusu ya siku ili kidonda kikauke, maana kidonda kibichi ndani ya udongo wenye unyevu huingiza uozo. Kisha lichomeke katika mchanga uliolowa kidogo. Kwa siku tatu nne liweke mahali pasipo jua kali, halafu ulizoeshe jua kidogo kidogo. Kwa kawaida mizizi huota baada ya wiki moja au mbili. Kwa njia hii chungu kimoja cha jirani mwema chaweza kuupamba mtaa mzima bila ya mtu kutoa senti.

Maji

Hapa ndipo penye mtihani, nami namwomba msomaji apasome polepole.

Mizizi haihitaji maji peke yake. Yahitaji hewa vilevile. Hewa hiyo hukaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo. Maji yakizijaza nafasi hizo na kukaa humo siku baada ya siku, mizizi hukosa pumzi, huoza, na mizizi iliyooza haiwezi kunywa. Basi mmea hulegea hali umezungukwa na maji. Mtunzaji auonapo umelegea hudhani una kiu, akaongeza maji, na kwa kuongeza akaukamilisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mama yangu.

Namna ya kutofautisha ni hii. Mmea wenye kiu majani yake husinyaa na kukunjamana, lakini shina ni gumu na udongo ni mkavu. Unywesheni, na punde utajaa tena. Mmea uliozidiwa majani yake ni manjano, laini, kama ya kioo, na shina huwa bwete au jeusi karibu na udongo. Huo usipewe hata tone. Kata matawi yake ya juu yaliyo mazima uyapande upya katika mchanga mkavu-mkavu, na chungu kile ukimwage.

Kipimo cha kila siku ni kidole chako. Kitie ndani ya udongo kiasi cha sentimita 3. Ukihisi ubaridi wa unyevu, ondoka uende zako. Ukihisi ukavu, mwagia mpaka maji yatoke chini kwa matundu, kisha usirudi mpaka ukavu urudi. Mwagia asubuhi, usawa wa udongo, wala si juu ya maua. Katika kiangazi cha Pwani, chungu kidogo kilichopo juu ya ukuta huenda kikahitaji maji kila siku mbili au tatu, na bustani ya ardhini mara moja kwa wiki. Katika miji ya bara yenye baridi, muda ni mrefu zaidi. Hizo ni kadirio tu, na kidole ndicho hakimu.

Mtu anayenunua maji kwa ndoo asiseme kuwa maua ni ya matajiri. Maji yaliyosuuzia mchele au mboga, yasiyo na chumvi wala sabuni, yatosha mmea huu. Hata maji ya udhu yafaa sana, lakini yakinge katika beseni, umwagie siku ambayo kidole kimekuambia.

Chakula na kukata

Potulaka si mlafi. Ukiipa samadi nyingi itanenepa majani na kupungua maua. Samadi kidogo uliyoichanganya mwanzoni hutosha kwa miezi mingi.

Kila ua huishi siku moja tu, kisha hunyauka na kesho yake likachanua jingine. Katika aina nyingi, maua yaliyonyauka huanguka yenyewe. Baada ya miezi kadhaa matawi hurefuka na kuwa na upara katikati. Usiogope: yakate yote mpaka nusu. Baada ya wiki mbili tatu machipukizi mapya yatatoka, na yale uliyoyakata ni vipande vya kupanda chungu kingine.

Ukitaka mbegu, yaache maua machache yakomae. Yatafanya vijikasha vidogo, na kila kijikasha kikikauka hufunguka juu kwa kifuniko chake, mfano wa bweta. Kikusanye kabla hakijamwaga, uweke mbegu katika karatasi, mahali pakavu.

Wakati wa masika, kuanzia Machi mpaka Mei, vyungu vihamishwe chini ya upenu lakini mahali penye mwanga, maana mvua ya siku kumi mfululizo yaweza kuozesha kazi ya mwaka mzima. Masika ikishaondoka ni wakati mwema wa kupanda upya.

Maadui zake

Mmea huu hauna maadui wengi. Vidukari, na wale wadudu weupe mfano wa pamba, huweza kunyonya machipukizi. Waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha usuuze kwa maji matupu. Konokono huja usiku. Waokoteni kwa mkono.

Mpunga paka pia katika hesabu. Mmea huu una chumvi za oksalati, ambazo huweza kumdhuru paka au mbuzi aulaye kwa wingi. Tundikeni vyungu juu. Na wala watoto wasifundishwe kuula. Ni kweli kwamba ni ndugu wa ile mboga ambayo Waarabu huiita rijla, iliwayo katika nchi nyingi, lakini rijla ina majani mapana bapa na maua madogo ya manjano. Huu wetu ni wa kutazamwa.

Kazi ya vijana

Vijana wetu, wa kiume na wa kike, nawapa kazi ya wiki moja. Chukueni daftari, mwandike kila siku saa ambayo ua la kwanza limefunuka na saa ambayo la mwisho limefumba. Andikeni pia kama mbingu zilikuwa nyeupe au zenye mawingu. Mtaona wenyewe kuwa siku ya mawingu na baridi maua huchelewa, na pengine hayafunuki kabisa. Kwa maana yafuata mwanga na joto, wala hayafuati saa ya ukutani.

Kisha, wakati wa dhuha, ua likiwa wazi, chukueni unyasi mwembamba mguse taratibu zile nyuzi ndogo zilizo katikati, zenye unga wa manjano. Tazameni bila ya kupepesa macho: nyuzi zitainama kuelekea upande ulioguswa. Hivyo ndivyo nyuki anapotua nyuzi humwinamia na kumpaka unga wake, naye akaupeleka katika ua jingine. Mwenyezi Mungu ameweka mambo haya katika kitu kidogo kilichomo ndani ya kopo la maziwa.

Mwisho wa habari ya mama

Nilipokuwa mtu mzima na nimekwisha kujifunza haya, nilimpelekea mama chungu cha pili. Alikataa kukipokea. Akasema, "Nitakiua kama kile." Nikamweleza habari ya mchanga, na mizizi, na kidole, nikakiweka juu ya ukuta wa uani, upande wa jua, mbali na pipa. Alinitazama, akaniuliza, "Basi haikuwa mkono wangu?" Nikamwambia, "La, mama. Ilikuwa huruma yako, nayo ilikosa habari tu."

Kuanzia hapo, kila akimaliza sala ya dhuha alitoka uani kuyahesabu maua, na asubuhi moja alinihesabia arobaini na moja. Amekwisha kutangulia mbele ya haki, Allah amrehemu. Aliacha kikaratasi cha mbegu, na matawi yaliyotoka katika mbegu zile yananing'inia leo katika nyumba za wajukuu wake, na za majirani nisiowajua majina.

Basi, msomaji mpenzi, ikiwa nawe uliwahi kujiambia kuwa mkono wako hauoteshi, usijihukumu upesi. Tafuta kopo, ulitoboe, ulijaze mchanga, ukaombe kitawi kwa jirani. Liweke pale mahali pakali ambapo hapaoti kitu. Kisha tia kidole katika udongo kabla ya kutia maji.

Wabillahi tawfiq.